Mikono Miwili ya Yakubu

Mwaka 1974, mji mzima wa Arua, Uganda, haukuwa na mtoto aliyerusha mpira wa pembeni mbali kama Yakubu, wala aliyeurusha vibaya kama yeye. Mkono wa kulia ulifanya kazi yote. Wa kushoto uliusindikiza tu, tena kwa aibu. Refa anapuliza filimbi, mpira wanapewa wapinzani. Mara nne katika mechi moja! Kocha Sulaiti, fundi cherehani mwenye hasira za karibu, aliapa mbele ya timu: Yakubu akikosea tena dhidi ya timu ya Koboko, hachezi tena. Aliapa, kisha moyo ukamuuma, maana alimpenda sana yule mtoto.

Siku mbili kabla ya mechi alimwita pembeni, akamwuliza kwa upole shida ni nini.

"Haboba nakataza," Yakubu akasema. Haboba huyo, yaani bibi yake Hajara, alimchapa kila alipompa mtu kitu kwa mkono wa kushoto. "Nasema mukono ya kushoto iko ya choo."

Sulaiti alitaka kucheka, akajikaza. "Na kama napatia muzee chai, napatia na mukono ngapi?"

"Mbili."

"Basi! Mpira pia, patia kama napatia muzee."

Jioni ile Yakubu alirusha mara ishirini: mikono miwili, juu ya kichwa, miguu chini, safi kabisa. Sulaiti akajiona profesa.

Jumamosi vijana wa Koboko wakashuka kwenye lori na nahodha wao, Sulemani. Eti chini ya miaka kumi na tano, na ndevu zake zingewatosha watu watatu! Dakika ya mwisho, timu zikiwa sare, Arua wakapata mpira wa kurusha karibu na goli la Koboko. Yakubu akaushika, akaangaza macho uwanja mzima. Sulaiti akaelewa, akashika kichwa. Mtoto alikuwa anatafuta mzee!

"Yakubu! Hapana! Hapana huyo!"

Wapi. Yakubu aliinama kidogo kwa adabu, akaurusha kwa mikono miwili mpaka ndani ya boksi, kifuani pa Sulemani. "Chukua, baba!"

Sulemani, mtoto wa watu, naye alilelewa na haboba. Akanyoosha mikono yote miwili, akaupokea. "Shukran," akasema.

Filimbi. Penalti! Sulemani alibaki ameukumbatia mpira, hajui auweke wapi.

"Kocha, nani napiga?" wachezaji wakauliza. Sulaiti hakuwasikia. Alikuwa amembeba Yakubu mabegani, analia waziwazi kwa furaha, na penalti yenyewe bado haijapigwa.