Mshipa wa Kushoto wa Hilda

Kiharusi kilimkuta Hilda shambani kwao Mbuji, akifukia majani kwenye ngolo, yale mashimo ambayo Wamatengo hulimia mahindi mlimani. Mkono wa kulia ulilegea, jembe likamponyoka. Mumewe, Kilian, alipomwita, Hilda alitoa sauti tu isiyo na maneno. Alikuwa bado ananyonyesha. Hakuwa na presha wala kisukari, ndiyo maana daktari wa Mbinga aliwaambia waende hospitali ya rufaa, akapigwe picha za mishipa ya shingo.

Mama yake Hilda, Kunigunda, alifuatana nao. Alikuwa mtu wa Ngumbo, kando ya ziwa. Aliolewa huku milimani, akafiwa na mume, na hakurudi kwao kwa sababu ya huyu binti, mtoto wake pekee.

Walianza na ultrasaundi. Mtaalamu alimpaka Hilda ute baridi shingoni, akapitisha kifaa upande wa kulia, kisha kushoto, akarudia kushoto, akarudia tena. Kesho yake wakamchoma dawa ya kung'arisha mishipa na kumwingiza kwenye mashine ya CT scan.

Daktari Eunice aliwaonyesha picha kwenye kompyuta. Mshipa wa kulia ulipanda vizuri hadi kichwani. Wa kushoto ulikuwa kama uzi.

"Umezibwa na mafuta?" Kilian aliuliza.

"Mafuta huziba mahali fulani tu. Huu ni mwembamba kote." Akafungua picha ya mfupa wa chini ya fuvu. "Mshipa huu hupita kwenye tundu la mfupa. Mtoto akiwa tumboni, mfupa hujijenga kuuzunguka. Tazameni tundu la kulia, sasa la kushoto. La kushoto ni dogo mno. Maana yake mshipa haukuwahi kuwa mkubwa. Amezaliwa nao hivi."

"Hamwezi kuutanua?"

"Hautanuliki. Tutampa dawa ya kuzuia damu isigande, na mazoezi ya kuongea. Kiharusi kingine kinaweza kuja. Siwezi kuwadanganya."

Ndipo Kunigunda akasema, "Daktari, umesema tumboni."

"Ndiyo, mama. Lakini si kitu ulichokula, wala kazi uliyofanya. Hutokea tu, na hakuna ajuaye kwa nini."

Kunigunda aliitikia kwa kichwa.

Waliporudi Mbuji, aliacha kumbeba mjukuu wake. Alisema mikono inamuuma. Siku nyingine alimweleza Kilian jinsi alivyobeba magunia ya kahawa kichwani akiwa na mimba ya Hilda, na homa aliyoificha ili asionekane mvivu ukweni. Kilian alimkumbusha maneno ya daktari. Jumapili moja, wenzake wakiwa misani, Kunigunda alifunga nguo zake akashuka Ngumbo kwa kaka yake. Alimwambia jirani kwamba hawezi kumtazama mtoto aliyemharibu mwenyewe tumboni.

Hilda alielewa yote. Kuelewa hakukumpotea, yalipotea maneno tu. Kilian akaanza kumfundisha sentensi moja: Si wewe, mama. Walikaa jikoni jioni, Kilian akitamka, Hilda akifuata. Siku nyingine sentensi ilitoka nzima.

Mvua zilipokatika na barabara ikapitika, walishuka ziwani. Walimkuta Kunigunda akianika usipa, vile visamaki vidogo, kwenye mchanga.

"Shikamoo, mama," Kilian alisema.

"Marahaba, baba."

Hilda alimshika mama yake mkono kwa mkono wake wa kushoto, ule uliobaki na nguvu. Midomo ikahangaika.

"Wewe," alisema. "Wewe, mama."

Kunigunda alimtazama. "Najua, mwanangu."

Hilda akatikisa kichwa. Akajaribu tena, likatoka lile lile. Akapiga mchanga kwa kiganja, machozi yakimtiririka, na kadiri alivyojilazimisha ndivyo neno lilivyozidi kutoka: wewe, wewe.

"Mama, anakosea," Kilian alisema. "Anataka kusema si wewe. Ndicho kilichotuleta."

"Usimsemee, baba. Ameshasema."

Alimfuta binti yake machozi kwa upindo wa khanga, kisha akainama kugeuza usipa.

Asubuhi walipanda milimani bila yeye. Jioni Kilian alimkalisha Hilda jikoni na kuanza kutamka sentensi. Hilda aligeuzia uso ukutani. Kilian alimwekea kidonge kiganjani, akangoja hadi Hilda akameza.