Funguo Mbili za Chumba cha Swichi

Mimi si mtu wa kudhania watu vibaya, lakini shemeji yangu nilimdhania, tena kwa moyo wote.

Kliniki yetu ina maabara chini na madaktari juu, kila upande na mtandao wake. Swichi moja, kisanduku cha kuunganisha kompyuta kilichofungiwa chumba cha ngazini, ndiyo hupitisha majibu ya vipimo kati ya mitandao hiyo, ukishaiamuru. Jumatatu nikaiamuru. Nikaipa kila mtandao lango lake, nikawasha upitishaji, nikaita kompyuta ya daktari kutoka maabara. Ikaitika. Sikuhifadhi, kwani mwalimu wangu alinifundisha kutohifadhi amri hadi zifanye kazi siku nzima. Ukikosea, unazima swichi, inasahau kosa lako.

Jumanne asubuhi, kimya. Amri zote zimefutika! Nikaandika upya. Jumatano, yale yale.

Funguo za chumba kile ni mbili: mmoja wangu, mwingine wa shemeji, kaka wa mke wangu, fundi umeme wetu. Ndiye aliyenitafutia kazi hii. Tangu nipandishwe cheo, salamu zake fupi. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Shemeji, jana jioni uliingia chumba cha swichi?"

"Niliingia. Kila jioni naingia."

"Kufanya nini?"

"Kazi yangu. Vipi, umekuwa askari?"

Ala! Mtu msafi hujibu hivyo?

Alhamisi mama mkurugenzi akatuita, amefura. Mgonjwa alikuwa amesubiri majibu saa tano nzima. "Nani anachezea ile swichi? Leo mtu anaondoka hapa."

Nikamnyooshea kidole shemeji, hapo hapo, mbele yake.

"Nimeingia kufanya nilichoagizwa, basi," akasema. Akaweka ufunguo mezani, akanigeukia. "Dada yangu utamwambia mwenyewe kwa nini sina kazi."

Ijumaa asubuhi swichi ilikuwa bado na amri zote nilizoandika jana yake. Nikatembea kifua mbele mpaka mkurugenzi aliponisimamisha ukumbini, akanikabidhi ufunguo wa shemeji.

"Kuanzia leo wewe ndiye utakayezima umeme wa chumba kile kila jioni. Nyaya zake zimechakaa, zinapata moto. Nilimwagiza shemeji yako tangu Jumatatu."

Kuzima. Kila jioni. Na mimi sikuwahi kuhifadhi.

"Mbona umeduwaa? Kuna jambo?"

Nilikuwa na watoto wawili na cheo cha miezi mitatu.

"Hamna, mama," nikasema.

Nikapanda ngazi, nikafungua chumba kwa ufunguo wa shemeji, nikahifadhi amri. Ilichukua sekunde mbili.