Kimia cha Leonor

Dada yangu Leonor aliteleza kwenye barafu mwezi wa pili, akavunjika bega la kulia. Daktari alimwambia mkono ule hautapanda tena juu ya kichwa. Leonor hakumbishia. Theluji ilipokwisha akakitoa ghalani kimia chake, wavu wa duara wa kuvulia chambo, akaanza kukirusha uani, kwenye nyasi. Kilikuwa kinaanguka kimejifumba kama ndizi. Anakiokota, anarusha tena, machozi ya maumivu yanamtiririka. Kiangazi kizima alikuwa hivyo.

Oktoba ilipoingia, samaki wa milia wakaanza kushuka kwenye pwani yetu ya Tiverton kuelekea kusini, wakila kila kinachoogelea. Ukimtaka mkubwa, mpelekee chambo cha banka aliye hai: samaki mdogo mnene wa mafuta, hatoshi kukushibisha wewe lakini samaki wa milia humtia wazimu. Asubuhi moja tulimkuta jirani yetu Archie Pelletier akirudi gatini, tangi lake la chambo halina kitu.

"Msijisumbue!" akatupigia kelele. "Bandari nzima hakuna hata mkia. Au Leonor, leo unavua nyasi tena?"

"Kanywe kahawa yako, Archie. Nikirudi uje na ndoo, na uombe kwa adabu."

"Gil, huyu dada yako mdomo haukuvunjika!"

Mimi nilitaka twende mdomoni mwa bandari kama kawaida. Leonor akakataa.

"Usiku wa jana baridi ilikuwa kali. Banka wanafuata maji ya vuguvugu. Ingia kwenye hori, ule mkono mwembamba wa bahari nyuma ya daraja la zamani."

"Maji yanakupwa, dada. Tutakwama kwenye tope."

"Ukikwama utashuka usukume. Ingia!"

Nikazima mashine, tukaingia kwa kasia. Hori lilikuwa limetulia kama sahani, isipokuwa sehemu moja karibu na matete, ambapo maji yalitetemeka kana kwamba manyunyu yanadondoka pale peke yake. Leonor akasimama mbele ya mashua. Akakusanya kimia mkononi, akabana kwa meno ukingo wake wenye vizito vya risasi, akajipinda kiuno.

Mkono ukapanda. Niliuona ukipita sikio, ukipita kichwa, na kimia kikafunguka hewani duara kamili, kikatua majini kwa mlio mmoja.

"Vuta!" akapiga kelele. "Gil, umeganda nini? Vuta!"

Tulivuta wote wawili. Kimia kilichemka kwa banka wanaong'aa kama fedha. Tukawamimina tangini, wakaanza kuzunguka kwa upande mmoja, vinywa wazi.

Kwenye mlango wa hori tukamkuta Archie. Alikuwa ametufuata kimyakimya, ndoo tayari mkononi.

"Leonor, mama," akasema, "naomba."

Dada alicheka hadi akakaa chini. Akamjazia.

Tukatoka hadi kwenye miamba, Archie nyuma yetu na mashua yake. Leonor akamtoboa banka mmoja puani kwa ndoana, akamwachia aogelee. Kitambo kidogo mshipi ukaanza kutetemeka. Banka alikuwa ameogopa. Kisha maji yakapasuka, mkia mpana kama ufagio ukapiga, na fimbo ya kuvulia ikapinda hadi majini.

"Nipe nikusaidie! Bega lako!"

"Iguse fimbo hii nikutose!"

Samaki alikimbilia miambani, Leonor akamgeuza. Samaki akazama chini ya mashua, Leonor akazunguka naye. Jasho lilimlowesha, amekaza meno, lakini alikuwa anacheka. Hatimaye samaki akaja ubavuni mwa mashua, milia yake myeusi imenyooka toka shavuni hadi mkiani. Sijawahi kumwona mkubwa kama yule. Amezidi ukubwa wa mwisho ambao sheria inaruhusu kuchukua, kwa hiyo harudi nyumbani na mtu.

Leonor akapiga magoti, akamchomoa ndoana, akamshika taya, akampitisha majini taratibu hadi nguvu zikamrudia. Samaki akapiga mkia mara moja, akatumwagia maji usoni, akaenda.

Dada yangu akainuka, mikono yote miwili juu, akapiga ukelele uliowarusha shakwe miambani. Archie naye, kutoka mashua yake, akaitikia.

"Haya," dada akaniambia, akijifuta chumvi machoni. "Nipe chambo kingine."