Jina la Kapita

Anatole, mwalimu aliyestaafu, alikuwa ameongoza matembezi ya kikundi chao cha historia mara tisa, na mara zote tisa chumba kile alikieleza harakaharaka. Kilikuwa kasho, jela ndogo ya enzi za kilimo cha lazima cha pamba, nyuma ya ghala lililobomoka kando ya njia itokayo mji wa Baraka kwenda Fizi: kuta nne za mawe, mlango mmoja mfupi, na tundu la dirisha lisilopitisha hata kichwa cha mtoto.

Siku hiyo walikuja watu ishirini. Anatole aliinama akaingia peke yake, kama kawaida, ili wengine wachungulie tu kutoka nje. Lakini Mama Kulthumu, bibi mzee kutoka Baraka aliyekuja kwa mara ya kwanza, naye akainama akaingia, na watu wakamfuata. Wakajazana mpaka mgongo wa Anatole ukagusa ukuta.

"Aliyeshindwa kupeleka pamba alifungwa humu," alisema harakaharaka. "Wazungu walitoa amri, kapita mumoja, nyapara wao, akaisimamia. Basi, twendeni kisimani."

"Kapita aliitwa nani?" aliuliza Rosette, katibu wa kikundi, kalamu mkononi.

"Jina lilipotea."

Mama Kulthumu alikuwa akipapasa kingo za lile tundu. "Haikupotea," alisema taratibu. "Baba yangu alilala humu siku kumi na moja. Mi nilikuwa na miaka munane. Nilikuwa nafinyanga bugali kidogo-kidogo, napitisha hapa. Siku moja kapita alinikuta, akafunga mukono yangu na kamba kwa hii dirisha mpaka magaribi." Akageuka. "Sikukuja kukuambia jina, mwalimu. Nilikuja kusikia kama we utaisema."

Anatole aliutazama mlango. Kati yake na mwanga kulikuwa na mabega ya watu tu, na hakuna aliyesogea. Babu aliyemjua yeye ndiye aliyembeba mabegani na kumnunulia kibao chake cha kwanza cha shule. Nyumbani kwao kazi ile iliitwa kazi ya serikali, na hakuna aliyeuliza zaidi. Angeweza kusema hajui. Rosette angeandika hivyo, na mwezi ujao angesimama tena hapahapa aseme tena hajui.

"Bertin." Akarudia kwa sauti zaidi. "Kapita Bertin. Ni babu yangu, mzaa baba."

Mtu aliyekuwa nje akauliza amesema nini. Jina likapita mdomo kwa mdomo mpaka uani.

"Mama, nisamehe..."

"Sikukuuliza ile." Bibi akamwelekea Rosette. "Andika, mutoto wangu. Bertin. Na baba yangu, Sadiki. Andika yote mbili."

Rosette akaandika. Ndipo watu wakaanza kutoka, mmoja mmoja, wakiinama, Anatole wa mwisho.

Alitumaini bibi angepanda pikipiki arudi Baraka. Akamkuta amesimama penye njia ya kisimani, kitenge kimekazwa kiunoni.

"Kunabaki wapi?"

"Kisima, mama. Halafu kanisa ya zamani, na makaburi."

"Twende basi."

Anatole akatangulia. Nyayo za bibi alizisikia nyuma yake njia nzima, na kila waliposimama, kabla hajafungua kinywa, ilimbidi kwanza ajiulize bibi yule anakumbuka nini.