Nani Aliitengeneza Taipureta ya Irmtraud

Bibi Behnke wa makumbusho ya mji aliiweka taipureta ya marehemu mke wangu juu ya meza ya jikoni, akaanza kubonyeza kitufe kimoja kimoja. Fomu yake ya kusajili vitu vya makumbusho ilikuwa kando ya kikombe cha kahawa.

"Mzee Rottluff, hii ina nguvu kuliko mimi," akasema. "Miaka arobaini kabatini, na hata hiki hakigomi."

Hicho kilikuwa kitufe cha namba tatu, chenye zile radi mbili, alama ya SS, kikosi cha Hitler kilichokamata watu. Wakati wa vita ofisi ya meya ilikuwa na mashine moja tu yenye alama hiyo, na mpiga chapa alikuwa Irmtraud; vita vilipokwisha akaja nayo nyumbani. Barua ya kwenda kwa wale jamaa haikutoka bila radi zao. Kuzichora kwa kalamu kulikuwa kujitafutia balaa.

"Imewahi kutengenezwa?"

"Mara moja. Mwaka arobaini na mbili."

"Na nani?"

"Andika, kwa amri ya meya."

Sikusoma sana, lakini hili nalijua: wakubwa hula, wadogo huosha vyombo. Meya wetu alifia kitandani, na pensheni yake, wakamzika kwa tarumbeta. Nimelisema hilo baa miaka yote, na nitalisema tena.

"Amri haishiki bisibisi, mzee wangu. Mikono ilikuwa ya nani?"

Nikamkatia keki ya plamu ili anyamaze. Akala, kalamu bado mkononi.

Basi nikamwambia. Chuma cha kitufe kile kilikuwa kimepinda. Meya alisema mashine ipelekwe kwa mafundi wa mji wa Kassel, itachukua wiki tatu. Mimi nilikuwa fundi wa pale, wa makufuli na majiko, na kitu kibovu kikiwa mbele yangu huniwasha kama upele. Nikakinyoosha kabla ya chakula cha mchana. Hakuna aliyenituma. Meya alinipiga bega tu. Alasiri Irmtraud akapigishwa barua ya kwenda kwa wale jamaa, orodha ya Wayahudi wa kuchukuliwa kambini, Bibi Rosenstiel na wanawe wawili wakiwamo.

Jioni nyumbani akaniambia, "Nilikipinda mwenyewe, kwa koleo. Mtu wa kuwavusha akina Rosenstiel mpaka hadi Uswisi alikuwa afike Jumapili."

"Mbona hukuniambia, mke wangu?"

"Meya ni mvivu, namjua. Niliyemwogopa ni wewe, Alwin. Wewe huwezi kuacha kitu."

Hakulirudia tena hadi tulipomzika Februari hii. Ila saa yake ikisimama, aliipeleka kwa fundi wa mji wa pili.

Bibi Behnke alikuwa ameacha kutafuna. "Sasa niandike nini?"

"Lete hapa."

Nikaandika: Alwin Rottluff, fundi. Chini yake palikuwa na nafasi ya aliyeagiza kazi. Nikaanza herufi ya kwanza ya jina la meya, nikaikata kwa mstari, nikaandika: hakuna.