Jiko Lililokimbiza Kilima

Katika vita ile, masikio ya Mama Mukandori yalikuwa na sifa kilima kizima huko Ngungu, katika milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo. Bunduki ikikohoa mbali, wengine hawajasikia kitu, yeye amekwisha kufunga godoro. Alikuwa akiona haya kidogo, akidhani majirani wanamcheka kwa woga wake.

Ndipo likaja jiko. Walilitengeneza mafundi wa Goma, wa Ubelgiji na wa India kwa ushirikiano, kisha wakatafuta mpishi wa kulijaribu Masisi. Injinia Damascène wa Goma alimweleza Mukandori kwamba moshi wa majiko ya dunia unaichemsha hewa na kuvuruga mvua. Mukandori akasikitika kwa adabu, lakini kilichomshika moyo ni kingine: jiko lilikula vijiti vichache tu. Kuni zilikuwa msituni, na msituni ndiko walikokaa wenye bunduki. Aliwahi kukutana nao huko, akaacha mzigo, kitenge na kiatu kimoja. Jiko likifaulu, alisema Damascène, kila nyumba ya Ngungu itapata lake.

Asubuhi ya kwanza akateleka maharagwe. Moto ukawaka vizuri, moshi hata wa dawa hakuna. Akakaa akijisifia peke yake.

Mara akasikia vishindo. Kuchungulia, anamwona jirani yake Straton akipita mbio na godoro kichwani, nyuma yake mkewe Libérata na kuku kwapani, na nyuma yao kilima kizima. Vitani hakuna anayesimama kuuliza. Mukandori akaacha chungu motoni, naye akashika mbio.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hizi ziliishia mtoni, kwenye daraja bovu. Straton akageuka, akamwona, akaangusha godoro.

"Mama Mukandori! Weye uko nyuma yetu?"

"Miye niko nawafuata! Wako wapi hao watu ya bunduki?"

"Tutajua wapi? Si weye njo ulikimbia kwanza? Asubui hatukuona moshi kwako! Kila siku tunaangalia moshi yako, Mama. Ikiwa iko, tunabakia. Ikikosa, tunafunga mizigo."

 Miaka yote hiyo Mukandori akidhani anachekwa, kumbe paa lake ndilo walilolitazama kabla hata ya kunawa uso! Furaha na aibu vikamshika pamoja, akaangua kicheko, na watu wote darajani wakacheka naye. Kuku wa Libérata akatoroka, hakuna aliyemjali.

Kicheko kiliisha waliporudi. Damascène na Anne, injinia wa Kibelgiji, walikuwa jikoni kwa Mukandori, wakishangaa kilima kisicho na mtu na chungu cha maharagwe yaliyoiva. Straton hakuwapa nafasi ya kuuliza.

"Jiko irudi kwenu," akasema. "Iko muzuri, lakini itatumaliza. Tunataka moshi yetu."

Watu wakaitikia. Damascène akamtafsiria Anne, naye akainama kwa huzuni kuliinua jiko.

Mukandori akauona msitu moyoni, akakiona na kiatu chake alichokiacha kule. "Ngoja kwanza!" Akang'oa konzi ya majani mabichi, akayarundika uani kwenye mafiga yake ya zamani, akatia kaa la moto. Moshi ukapanda mzito mpaka watu wakakohoa.

"Hii njo yenu. Kila asubui, mara moja tu, ya kusema niko. Chakula nitapika bila moshi." Akamgeukia Anne. "Dunia itatuvumilia hiyo kidogo, ao hapana?"

Damascène akatafsiri. Anne akakohoa, akacheka, akapangusa macho, akalirudisha jiko chini.

Lakini Straton bado alikuwa anakuna kidevu. "Na siku utakimbia kweli, Mama? Kama miye niko nalala?"

Mukandori akamtazama, akamtazama na Libérata. Mara zote alizokimbia, hakuwahi kumwamsha mtu.

"Siku hiyo sitakuachia uangalie moshi," akasema. "Nitakuja kubisha kwako, halafu njo nikimbie."

Straton akaenda kulifungua godoro lake.