Mkono Unaoaga Mara Mbili

"Kamba ni ya wote," fundi cherehani alisema, "na shuka zako zimekauka tangu juzi. Unangoja zichipue?"

Jirani yake wa mlango wa pili, ambaye uani kote aliitwa Mwalimu, alijibu kwamba dobi aliyezianika atarudi kuzianua. Mwenyewe alikuwa amesimama tu kizingitini, joto lote lile kavaa sweta, mikono kaibana ubavuni kama askari wa gwaride. Wapangaji watatu walitoka kutazama hali ya hewa.

Kwa kweli kamba ilikuwa kisingizio. Tangu Mwalimu arudi kutoka safari aliyosema ni ya kumuuguza dada yake, hajaja kupimwa gauni la harusi ya mpwa wake, na akipita dirishani hapungi mkono. Fundi alikwisha kuwadokezea watu, wasiozidi mtaa mzima, kwamba Mwalimu kahamia kwa fundi mwingine.

"Sema tu nani kakupima."

Mwalimu alisema hajapimwa na mtu. Basi fundi akavuta tepu shingoni, akamwendea, akamwambia ainue mikono. Hakuinua. Fundi, aliyezoea maharusi wenye aibu, akamshika kiwiko amsaidie.

Mwalimu akatoa kasauti kadogo, kama mtu aliyekanyagwa katikati ya hotuba. Sweta likapanda. Chini yake palikuwa na kitambaa cha kubana, na pembeni ya kitambaa mshono mbichi ukielekea kwapani. Mkono ulikuwa umepunguzwa, kama gauni.

"Nani kakushonea?" fundi aliuliza, sasa kwa kunong'ona.

"Daktari. Mikono yote miwili. Kasema nisiinue kitu mpaka ipone." Mwalimu alieleza kwamba tangu sukari imkondeshe, ngozi ya juu ya mikono ilibaki inaning'inia, akiandika ubaoni, watoto wanahesabu inavyoyumba. Akaongeza: "Na wewe ulisema mkono wangu unaaga mara mbili. Kwanza kiganja, halafu nyama."

Fundi alikuwa amesema. Alisema kwenye harusi, kwenye msiba na kwenye foleni ya maji, na kote walicheka.

"Hawa wakijua, nahama," Mwalimu alisema.

Nyuma yao wapangaji walikuwa wakirefusha shingo. Mmoja akauliza mwenzetu ana nini.

Fundi akageuka. Maishani mwake hakuwahi kushika habari ikapoa mdomoni.

"Majipu," alisema. "Kwapani."

"Kwapa lipi?"

"Yote mawili."

Wakampa pole. Mmoja aliahidi dawa, mwingine akasimulia jipu la shemeji yake tangu lilipoanza mpaka lilipopasuka, kisha wakatawanyika, wameshiba.

"Majipu?" Mwalimu aliuliza.

"Ulitaka niseme malaria ya mikono?"

Fundi akaanua shuka zote, akazikunja, akaziweka begani kwake. Gauni, alisema, atalipunguza mikono kwa jicho, asiinuliwe mtu mkono. Halafu likamjia swali: huko ndani mwenzake anapikaje?

Mwalimu alikiri kwamba sufuria ziko rafu ya juu. Tangu juzi anakula mkate.

Fundi akausukuma mlango wake mwenyewe kwa nyonga. "Pita ndani shoga, chakula kiko mezani. Kijiko kikikushinda, nitakulisha."